Shangazi na Moshi Ambao Hakuuhesabu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha hewa, Shangazi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alibandikwa na madereva wa ofisi, kwa kuwa humuuliza kila mtu kama amekula kabla ya kumuuliza kazi imefikia wapi.

Kazi yake ilikuwa kukadiria moshi wa mji: magari yanatoa kiasi gani, viwanda kiasi gani. Kisha kila mwezi alipanda juu ya paa, kwenye mtambo unaopima hewa yenyewe, kuona kama makadirio yake yanasema kweli. Alipanda na viatu vya visigino, na hakuna aliyethubutu kumshauri vinginevyo.

Mwaka mmoja, mmoja wa mitambo yetu, ule wa karibu na shule ya chekechea, ulianza kuonyesha moshi karibu mara mbili ya makadirio. Mkuu wa kitengo wa wakati huo alitaka mtambo urekebishwe ulingane na karatasi. Shangazi alikataa katakata. Watoto wa pale walikuwa wanakohoa, na yeye hakuwa tayari kuwaambia mama zao kwamba hewa ni safi.

Alikaa na vipimo hadi akaona jambo: moshi ulipanda kila umeme ulipokatika. Basi umeme ulipokatika tena, alishuka mtaani kwa miguu, akafuata ngurumo hadi nyuma ya maduka. Kumbe ni jenereta ndogondogo, na katika makadirio yake hakuwa amehesabu hata moja. Ya kwanza kukutana nayo, ikitema moshi mweusi kwenye ukuta wa chekechea, ilikuwa ya kinyozi anayemfahamu vizuri sana: mume wake. Tena Shangazi mwenyewe ndiye aliyemnunulia, kama zawadi.

Tulicheka hadi machozi. Naye alicheka, halafu akaandika upya makadirio ya mji mzima, jenereta ya mumewe ikiwa mstari wa kwanza. Ripoti ile ndiyo iliyoziondoa zote ukutani pa shule. Inasemekana nyumbani walinuniana wiki nzima. Siku hizi shemeji yetu ananyoa kwa umeme wa jua, na anajisifu kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Mwezi huu Shangazi amepanda paani kwa mara ya mwisho. Makadirio na vipimo bado vinapishana kidogo. Ametuachia tofauti hiyo na onyo kwamba tusiifiche. Pengo lake tutalihisi, tusidanganyane.

Asante, Shangazi. Keti kwenye kibaraza cha kinyozi wako, usikilize watoto wa chekechea wakipiga kelele bila kukohoa, na uvute pumzi ndefu. Hewa hiyo umeitolea jasho.