Neno Linalofanya Kazi Zote

Benchi la kijiwe lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la kunyolea, na mwenye duka, Wembe, alizoea kukaa hapo kila wateja walipopungua. Siku hiyo wateja walikuwepo, ila aliwaambia mashine imepata moto, akajibanza na kikombe cha kahawa kati ya Kamusi, mwalimu mstaafu, na Masafa, fundi wa redio. Kesho yake mama yake angepasuliwa jicho na daktari mgeni asiyejua hata neno moja la Kiswahili, na hospitali ilitaka ndugu aingie naye chumbani kumtafsiria. Mama hakuwa na mtoto mwingine.

— Mwalimu, nipe maneno machache ya Kiingereza ya kwenda nayo.

— Nakupa moja, litakutosha, alisema Kamusi. “Run.”

— Hilo nalijua. Kukimbia.

— Kukimbia ni kibarua chake kidogo tu. Machozi yakimchuruzika mama, yana-run. Bomba likitoa maji, lina-run. Mashine yako ikiwaka, ina-run. Na wewe ukisimamia duka lako, umekaa kitini, miguu juu ya ndoo, Mwingereza anasema una-run.

— Nimekaa?

— Umekaa.

Wembe alitikisa kichwa kwa heshima. Alipenda kitu chochote kinachofanya kazi nyingi bila kulalamika.

— Sababu ni baridi, alisema Masafa. Kwao ukiachama sana, meno yanaganda. Wakatafuta neno fupi, wakalibebesha mizigo yote.

— Hata mgombea wa uchaguzi ana-run, Kamusi aliongeza.

— Huyo anakimbia kweli, akishapata kura, alidakia Masafa.

— Na barabara. Ina-run kutoka mjini mpaka mlimani.

— Barabara si imelala palepale miaka yote? aliuliza Wembe.

— Kwetu imelala.

Masafa aliweka kikombe chini, akashusha sauti.

— Basi hilo neno lina betri ndani. Siku wakilipoteza, nchi nzima inazima. Maji hayatoki, mashine hazizunguki, wagombea wanashinda wamelala.

— Ningekuwa wao ningelifungia benki, alisema Wembe, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwalimu, na mkono wa daktari wenye kisu, nao una-run?

— Huo uombee utulie.

Kicheko kikamkauka. Kutwa nzima watu walimwachia koo zao, na mkono wake haukuwahi kutetemeka. Lakini kisu kwenye jicho la mama yake, hapana. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa.

— Masafa, wewe Kiingereza umenizidi. Si ungeingia wewe?

— Mimi si ndugu yake.

— Nani atajua?

— Mimi nitajua, ilisema sauti kando yao.

Mama yake alikuwa amekuja akipapasa ukuta, leso ikiwa kwenye lile jicho bovu. Wanaume walisogea, wakamwamkia, naye akaitikia huku akiketi.

— Mnamfundisha nini mwanangu?

— Kukimbia, mama, alisema Masafa.

— Hiyo hahitaji mwalimu. Siku niliyong’olewa jino alitoka kuninunulia maji, akarudi jioni. Bila maji.

Benchi zima lilicheka. Wembe alitazama viatu vyake.

— Wameniambia sitalazwa usingizi, mama aliendelea taratibu. Watanifunika uso wote, wabakishe jicho lenyewe tu, na hilo halioni kitu. Sasa nyinyi wenye maneno, niambieni. Nikiwa nimefunikwa hivyo, nitajuaje kama mwanangu bado yupo?

Kamusi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Masafa alichungulia kikombe chake. Ndani ya duka mteja mmoja aliuliza kama mashine imepoa.

Wembe aliweka kahawa yake chini ya benchi. Akauchukua mkono wa mama yake akaushika, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoanza kuota ndevu.

Mama aliutikisa kidogo, kama anayeupima.

— Hapo hapo, alisema. Ila kesho usiulegeze.