Wasifu wa Modest Vedasto Masele, Aliyetaka Vidirisha Visikilizane (1984–2025)

Waombolezaji wenzetu, Tumsifu Yesu Kristo. Huyu tunayemsindikiza leo hapa Bukene, Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, ni Modest Vedasto Masele, mtoto wa tatu kati yetu watoto watano wa marehemu Mzee Vedasto Masele na Mama Mektilda Kabula. Alizaliwa nyumbani, Ijumaa ya tarehe 15 Juni 1984, katika nyumba ileile ambayo jeneza lake limetoka asubuhi hii. Siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Modesto, kwa hiyo baba hakuhangaika kutafuta jina. Alibatizwa mwezi uliofuata na akapata Kipaimara mwaka 1997.

Alisoma Shule ya Msingi Bukene kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, kisha akaenda sekondari ya bweni Tabora mjini, alikomaliza kidato cha nne mwaka 2002 na cha sita mwaka 2005. Wakati huo baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, na wiki nyingine hakulala nyumbani. Modest hakutaka mzazi yeyote ajione amesahauliwa, hivyo kila alipoandika barua aliandika mbili zenye maneno yaleyale, moja kwa mama na moja kwa baba huko gengeni. Siku moja aliomba viatu kwa barua zote mbili. Wiki iliyofuata alipewa viatu na mwalimu wake, akamwandikia mama kwamba asinunue tena, lakini ya baba akasahau kuituma. Baba alifika shuleni na viatu vipya mkononi, akamkuta mwanawe amevaa vingine. Alisema, "Kumbe wewe una wazazi wawili wasiojuana." Wanafunzi walicheka, na Modest aliivumilia aibu hiyo mpaka likizo.

Baada ya kidato cha sita alisomea kompyuta chuoni Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2008. Wenzake wengi walibaki huko. Yeye alirudi Tabora mwaka 2009, akafundisha kwa muda, na mwaka 2013 yeye na rafiki yake Gerson wakafungua ofisi ndogo ya kutengeneza programu. Kazi iliyompa heshima ni ukurasa wa mtandaoni wa vikundi vya wafugaji nyuki. Watu wa vijiji mbalimbali waliufungua kwa pamoja, kila mmoja kwenye simu yake, wakapanga kazi kama waliokaa chumba kimoja. Ndani ya ukurasa huo mlikuwa na vidirisha vidogo: kimoja kilionyesha ramani ya mizinga, kingine kalenda ya kurina, kingine orodha ya ndoo za asali, kingine mazungumzo ya wanachama. Wenye kazi yao huviita wijeti. Kila kimoja kilitengenezwa peke yake, kisha kikapachikwa ukurasani kama dirisha linavyopachikwa ukutani. Shida ni kwamba kila kimoja kilikuwa na kumbukumbu yake. Mtu akibadilisha siku kwenye kalenda, ramani iliendelea kumpeleka kundi porini siku ya zamani. Modest alilijua tatizo hilo, ila aliliona dogo. Alisema atalirekebisha akipata nafasi.

Tarehe 20 Septemba 2014, Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Bertila, muuguzi mkunga wa zahanati moja karibu na Ziba. Walioana wakijua kwamba kazi ya mke iko Ziba na ya mume iko Tabora, na waliamini utengano huo ungekuwa wa mwaka mmoja. Consolatha alizaliwa tarehe 3 Machi 2016, akakaa na mama yake. Kila baada ya wiki mbili walitembeleana kwa zamu. Modest alikuwa akitania kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Pwani na kurudi baada ya mwaka. "Wale walikuwa wanaume," alisema. "Mimi Ziba tu naiona mbali."

Kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe alitengeneza ukurasa kama ule wa wafugaji nyuki, wenye kalenda ya zamu za Bertila, kidirisha cha safari na orodha ya vitu vya kubeba. Aliujivunia mno. Akaweka na sheria: hakuna kupigiana simu kuulizana safari, jibu liko kwenye ukurasa.

Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 2017 ilikuwa zamu ya Modest kwenda Ziba. Siku ya Alhamisi Bertila alibadilishana zamu na mwenzake wa kazini, akapata Jumamosi na Jumapili za kupumzika, akaona amfuate mumewe. Akaingia kwenye kalenda na kuandika kwamba anakuja yeye. Kalenda hiyo Modest alikuwa ameifundisha kukiarifu kidirisha cha safari, lakini saa ile hakuwa amefungua ukurasa, na kile kidirisha kwenye simu yake hakikusikia. Alipoufungua Ijumaa, kilimwambia kile kilichokuwa kinakikumbuka: Modest, kesho Ziba. Kalenda hakuitazama.

Jumamosi mchana simu yake iliita.

"Baba Consolatha, uko wapi? Nimekaa mlangoni kwako, jirani kanipa kigoda."

"Mimi nipo mlangoni kwako."

"Kwangu wapi?"

"Ziba, mama. Kuku wako wananitazama."

Bertila alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Mwanao amelala mgongoni. Tangu tulipopita Puge alikuwa anaimba, baba, baba. Nimwambie nini akiamka?"

Jumatatu asubuhi wote wawili walitakiwa kazini. Walichoweza kufanya ni kukutana njiani, na Jumapili walikutana Puge, kila mmoja akitoka kwa mwenzake. Walikaa kwenye benchi la muuza chai saa moja na robo. Consolatha, aliyekuwa akimwita baba njia nzima, alipomwona alijificha kwenye kanga ya mama yake na kukataa kupakatwa.

"Atazoea," Bertila alisema.

"Atanizoea lini, kwa saa moja na robo?"

"Kalenda yangu ilisema kweli, lakini."

"Na kidirisha changu kilisema kweli. Ya juzi."

Gari la Bertila lilitangulia kuondoka. Modest alituambia kwamba alibaki amesimama pale kituoni na kipande cha muhogo ambacho mtoto alikiuma mara moja akakiacha, na hakujua akitupe au akile. Alikila.

Kuanzia siku hiyo tatizo lile halikuwa dogo tena. Kwanza alijaribu kuvifundisha vidirisha vyote viambiane, kila kimoja kiwe na njia ya kumfikia kila mwenzake. Ikawa vurugu. Viwili vilipopokea habari mbili tofauti, kila kimoja kiliisambaza ya kwake, na kilichofunguliwa kwa kuchelewa kilipata ya yeyote aliyetangulia kukifikia. Gerson alimwambia, "Bwana Modest, hapa hatujatengeneza programu, tumetengeneza mtaa wa wambea."

Mwezi Machi 2018 baba yetu, Mzee Vedasto, alifariki dunia, na Modest alikaa msibani hapa Bukene siku saba. Mnajua desturi yetu. Mgeni akifika, hata akifika siku ya nne, huketishwa na kusimuliwa msiba tangu mwanzo: mgonjwa alianzaje, alipelekwa wapi, alisema nini, alikata roho saa ngapi. Kazi hiyo alipewa Shangazi Sikuzani, ambaye yupo nasi leo. Siku ya pili jirani mmoja alimdakia katikati ya masimulizi, akataka kuwaeleza wageni wa kutoka Nzega jinsi yeye alivyosikia. Shangazi akamkata: "Nyamaza wewe! Ukisikia jipya, niletee mimi. Mgeni akisimuliwa na watu watatu, kaka yangu atakuwa amekufa mara tatu."

Watu walicheka palepale kwenye mkeka wa msiba. Modest alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akaenda kukaa karibu na shangazi, akakaa siku nzima akimsikiliza. Aliona kwamba kila aliyefika, awe wa kwanza au wa mwisho, aliondoka na habari moja. Na habari mpya ilipokuja, kama ile ya treni iliyochelewa kumleta mjomba, ilipelekwa kwanza kwa shangazi, na kutoka kwake ikawafikia wote.

Aliporudi Tabora alizing'oa zile njia zote. Akatengeneza mahali pamoja ndani ya ukurasa panapotunza hali ya mambo yote, na vidirisha vyote vikatakiwa kusoma hapo. Kidirisha kikifunguliwa, hata kwa kuchelewa kiasi gani, kwanza kinapewa habari nzima kama ilivyo saa ile. Mtu akibadilisha jambo, badiliko linapelekwa pale, na wengine wote wanaambiwa. Asiye na mtandao anaandika kwenye simu yake, na mtandao ukirudi yake inapokelewa. Watu wawili wakiandika mambo yanayogongana, wote wawili wanaonyeshwa ili waelewane. Mahali hapo alipaita Shangazi. Ofisini kwao ukurasa ukikwama ungemsikia Gerson akiuliza, "Shangazi amelala?" na Modest akijibu, "Yuko macho, ni mtandao tu." Shangazi Sikuzani alipopata habari alimpigia simu akimgombeza kwamba amemweka kwenye kompyuta bila kumlipia hata kanga. Krismasi ile alipelekewa doti mbili.

Wafugaji nyuki hawakupotezana tena porini. Modest na Bertila nao hawakupishana tena. Godbless alipozaliwa tarehe 8 Februari 2019, baba yake alifika Ziba siku moja kabla, maana kila kitu kilionekana kwa wakati wake. Ila miaka ile haikuwa rahisi kwake. Alimwambia mama yetu kwamba zamani vidirisha vilipokuwa vinagombana angalau kimoja kilimdanganya kwamba Bertila yuko njiani anakuja. Sasa vyote vinakubaliana kwamba Bertila yuko Ziba. Jioni aliupakua mlo wake akaula peke yake, kisha akafungua ukurasa kuona kama mkewe ameweka alama kwamba watoto wamekula, wamesali, wamelala. Alipoiona alama hiyo ndipo naye aliposali Rozari. Bertila aliomba uhamisho mara nne. Kila alipoomba, Modest aliweka nia ya Misa.

Barua ya uhamisho ilitoka tarehe 3 Julai 2023, na tarehe 29 mwezi huohuo Bertila na watoto walishuka Tabora na magodoro, kuku na cherehani. Walikuwa wamesubiri miaka minane na miezi kumi. Modest alikuwa amenunua meza ya watu wanne. Hata hivyo hakuiacha tabia yake. Bertila akiwa jikoni, simu yake ililia, na alipoitazama alikuta mumewe ameandika kwenye ukurasa kutoka chumbani: naomba chai.

"Modest! Niko jikoni, niite kwa mdomo."

"Nimezoea, mama. Nisamehe."

"Miaka yote umelia unanitaka, nimekuja unaniandikia?"

Consolatha, ambaye sasa hakujificha tena, alikuwa akikimbia kati ya chumba na jiko akitangaza kwa sauti kila kilichoandikwa.

Mwezi Februari 2024 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Vipimo vilionyesha saratani ya ini. Alitibiwa Tabora, kisha akapelekwa Mwanza mara tatu, na kila mara Bertila alikuwa ubavuni pake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Jumuiya Ndogo Ndogo ya jirani zake, na Gerson aliyekuja kila Jumapili baada ya Misa. Mwezi Aprili 2025 aliomba arudishwe nyumbani. Tarehe 4 Mei alipokea Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi Takatifu, akiwa na akili zake timamu.

Wiki ya mwisho vidole vyake havikuweza tena kushika simu. Bertila aliichukua na kuiweka kabatini. Ijumaa ya tarehe 9 Mei, asubuhi, alikuwa uani anapepeta mchele aliposikia sauti ndogo ikimwita, "Mama Consolatha." Aliacha ungo akaingia mbio. Akamuuliza kama anataka maji, akamuuliza kama ageuzwe. Modest alitikisa kichwa.

"Basi unataka nini, baba?"

"Sina shida. Nimeita tu, nione kama utakuja."

Bertila alikaa kitandani, akamshika mkono, na hakurudi kwenye mchele. Saa tisa na nusu alasiri, mkono wake ukiwa bado ndani ya ule wa mkewe, Modest alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, miezi kumi na siku ishirini na nne.

Ameacha mjane, Bertila. Watoto wawili, Consolatha wa miaka tisa na Godbless wa miaka sita. Mama yake mzazi, Mektilda Kabula. Ndugu wanne, Levina, Theodora, Kulwa na Apolinaria. Na Shangazi Sikuzani.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tunamwomba ampokee mtumishi wake Modest, amsamehe alipokosa, na ampe katika amani yake nyumba ambayo hakuna anayeondoka. Amina.