Historia ya Veijo Putkonen na Namba ya Ukurasa wa 148

Ndugu, majirani na wote mliofika hapa Lahti leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, mimi ni Sirkka, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nimemwahidi wifi yangu Raili kwamba sitayapamba.

Veijo Ilmari Putkonen alizaliwa Varkaus tarehe 9 Februari 1955, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Eino, fundi wa kiwanda cha karatasi, na mama Lempi, akaanza shule hapohapo mwaka 1962, akamaliza sekondari mwaka 1974, akatumikia jeshi miezi kumi na mmoja, kisha akasomea uhandisi Lappeenranta na kuhitimu mwaka 1980. Mwaka uleule aliajiriwa kuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi hapa Lahti, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 1 Aprili 2018. Alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Tarehe 23 Juni 1984, sikukuu ya katikati ya kiangazi, alifunga ndoa na Raili, binti wa Posio kule kaskazini, na tarehe 2 Mei 1993 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Saija. Siku ya harusi, mbele ya nyumba ya baba mkwe iliyo kando ya ziwa, Veijo aliahidi kwamba mambo yakikaa sawa watarudi kuishi pale, na Raili, ambaye hakuipenda Lahti hata siku moja, aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili.

Mwezi Septemba 1997 Veijo alitoa kitabu chake kimoja tu, Ukurasa Unaojibu, kurasa 312, cha kuwafundisha wanaoanza lugha ya kompyuta iitwayo Perl, ambayo siku zile ndiyo iliyowezesha kurasa za mtandao kupokea maneno ya mtu na kumjibu. Alitaka mfano ambao kila mmoja hapa nchini angeuelewa, akaandika programu ya kugawa zamu za sauna, chumba cha kuogea mvuke kinachotumiwa na jengo zima, na katika ukurasa wa 148, mahali pa namba ya msimamizi, akaweka namba ya simu ya nyumbani kwake, akiamini kila msomaji angeifuta na kuandika ya kwake. Hawakufuta. Wenyeviti wa majengo kutoka Hanko hadi Kajaani walinakili ukurasa mzima kama ulivyo, namba ikiwemo, na kosa pia likiwemo, kwa maana Veijo alihesabu kila siku kuwa na saa ishirini na nne kamili, akasahau kwamba kwetu saa husogezwa mbele mwezi Machi na kurudishwa nyuma mwezi Oktoba.

Kwa hiyo kila Machi na kila Oktoba zamu za kudumu zilihama kwa saa moja, zikagongana na za waliojiandikisha upya, familia mbili zikakutana chumba cha kuvulia nguo zikiwa na taulo na hasira, na mmoja wao akapiga namba aliyoiona. Mmoja alimwambia, "Wewe mtu wa sauna, hapa nimesimama na mke wa jirani hana hata soksi, sasa tufanyeje?" na Veijo akajibu kama alivyomjibu kila mtu, "Samahani sana, kosa ni langu, nenda kwenye kompyuta nikuelekeze."

Mchapishaji alifunga ofisi mwaka 2001, kwa hiyo toleo lenye marekebisho halikutoka, maktaba zikakiondoa kitabu, vijana wakahamia lugha nyingine, lakini zile kurasa ziliendelea kufanya kazi kwenye mashine za vyumba vya chini, na waliozirithi hawakujua aliyeziweka. Tulimwambia abadilishe namba, nilimwambia mimi mwenyewe, akasema, "Sirkka, nikibadilisha watampigia nani? Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya." Hata simu za mkononi zilipokuja, aliielekeza namba ile kwenye yake, ikawa inamfuata kila aendako. Familia inasema wazi kwamba jambo hilo lilituudhi, kwa sababu wema huo ulimfunga yeye na ukamfunga mke wake pia, kwani kule ziwani Posio simu hazishiki kabisa.

Safari ya kuhama iliahirishwa mwaka 2000, ikaahirishwa mwaka 2006 na 2011, na tarehe 5 Aprili 2019, wakiwa wamepakia masanduku yote, walifika Heinola simu ikaita, alikuwa bibi wa miaka themanini na mitatu kutoka Nastola, mwenyekiti wa jengo lake, analia kwamba haoni herufi kwenye kioo cha kompyuta. Veijo aligeuza gari kwenda kwake. Raili alisema, "Nishushe hapa, nitatembea," lakini hakushuka, walirudi nyumbani akavipanga tena vikombe kabatini.

Tarehe 14 Mei 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, na tarehe 21 Oktoba akalazwa. Jumapili tarehe 27 saa zilirudishwa nyuma, simu ikaita mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana, naye akapokea sita akiwa na dripu mkononi, akisema, "Huyu ni wa mwisho, Raili," na Raili akamjibu, "Umeniambia hivyo tangu Saija hajaanza shule." Jioni ile aliuliza kama theluji imeshafunga barabara ya Posio. Raili akasema bado. "Basi tungefika," akasema Veijo. Alifariki Jumatano tarehe 30, saa nne asubuhi, ameacha mjane, binti mmoja na mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia yeye na simu yake, majirani wa ngazi B ya jengo lao kwa supu na mikate ya iliki, walimu wenzake wa chuo, na ninyi wawakilishi wa majengo thelathini na manne mlioleta mashada, ambao wengi tunawajua kwa sauti tu. Kwenu nasema bila kinyongo kwamba namba ile Raili aliifunga jana, na ilimchukua dakika nne.

Kahawa ipo ukumbini, karibuni mnywe, ila mjane hatakuwa nanyi, kwa sababu Veijo hazikwi hapa, gari lenye jeneza linaondoka sasa hivi kwenda Posio na Raili amekwisha kukaa mbele, karibu na dereva. Yeye harudi. Kaka yangu, pumzika kwa amani, mkeo anakupeleka nyumbani.