Figo za Keza

Kwenye benchi la mtaa wa Biryogo, mbele ya cherehani ya Muhire, kahawa hunywewa kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Asubuhi ile Muhire hakushona wala hakunywa. Alipitia hapo kuchukua shuka la kupeleka hospitali kwa bintiye Keza, mwenye miaka minne, akiwa na swali moja. Dogoteri amemwambia vidudu vimeingia kwenye damu ya mtoto. Kwa wengine huishia hapo, kwa wengine figo zinagoma, kisha ini, kisha mapafu. Wengine wangapi? Dogoteri alikuwa na haraka, akaondoka. Basi Muhire akaliuliza benchi, na benchi hili, Mungu alisamehe, halijawahi kukosa jibu.

— Wachache sana, alisema Kamanzi, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Mutoto iko na damu mupya.

— Nusu yao! alidakia Bayingana kinyozi, ambaye wote humwita Profesa. Figo ni chefu, mukubwa wa ofisi. Chefu akigoma, biro yote inafunga.

— Chefu ni ini! alisema Redio.

— Ini ni planto tu, inalinda mulango.

— Na moyo?

— Moyo tuache. Hiyo iko siasa.

Wakacheka, wakatazama nyuma kama kuna anayesikiliza.

— Keza hajakojoa tangu jana, alisema Muhire. Iko mubaya?

— Haraka haraka haina baraka, alijibu Redio.

Muhire alitamani kumzaba kofi.

— Usiogope, alisema Profesa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni gani? alifoka Muhire. Hiki kidudu kinakula mwenyeji!

— Kitatoka. Si nilimukata kirimi juma lililopita? Njia nilishafungua.

Ni kweli. Keza alikohoa, na kama wafanyavyo wengi, wakamwita Profesa akate kirimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Alikikata kwa wembe wa dukani kwake, Muhire mwenyewe akishika kichwa.

Annah, mgeni pale, alikuwa amefuata gauni lake. Alisikiliza yote amesimama.

— Samahani, Baba Keza. Dogoteri mlimwambia mtoto alikatwa kirimi?

Redio akasogea mbali na Profesa. Profesa akainamia kikombe. Muhire aliona aibu, kisha, alipoikumbuka ile njia iliyofunguliwa kwa wembe, woga ukaimeza aibu yote. Yeye na mkewe walikuwa wameogopa kugombezwa, wakasema ni homa tu.

— Profesa, kachukue ule wembe, alisema, shuka kwapani. Twende ukamuonyeshe dogoteri.

— Mimi? Watanifunga!

— Twende.

Profesa aliinuka, kahawa yake haijaisha.