Verlene Stidham na Hundi ya Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Verlene Stidham. Alituacha Jumanne, akiwa na miaka arobaini na saba. Wengi wenu mlimjua. Kama mzazi wako aliugua kitandani upande huu wa mlima, huenda Verlene ndiye aliyemwogesha.

Alitaka kuwa muuguzi. Nalirudia hilo, kwa sababu yote ninayowaambia leo yanatoka hapo. Alitaka kuwa muuguzi mwenye cheti. Basi akajiandikisha katika chuo cha jamii, ng'ambo ya mlima. Kipato chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alistahili msaada wa masomo. Serikali ilimlipia karo. Chuo nacho kilimpa fungu la vitabu na petroli. Alistahili. Hakuomba fadhila ya mtu.

Kaka yake, Delbert, anasema Verlene alikuwa akikariri majina ya mifupa huku akimenya viazi. "Nikipita jikoni ananishika hapa, ananiuliza, huu unaitwaje? Namwambia, hilo linaitwa bega, niache nile."

Muhula wa tatu gari lake likaanza kuzimika mlimani. Kanisani wakasikia. Mnajua tunavyofanya hapa mtu akikwama. Tunapika maharage na mkate wa mahindi, watu wanakula, wanatoa walicho nacho. Ukumbi ulijaa. Na kwa kuwa walitaka mambo yawe safi, hawakumpa Verlene pesa mkononi. Mchungaji aliandika hundi kwa chuo, kwa jina la Verlene, ili chuo kimpe yeye pesa za kutengeneza gari, akaiita ufadhili. Kanisa zima likapiga makofi.

Baada ya hapo akaitwa ofisi ya misaada ya masomo. Mama wa dirishani alimpongeza kwanza. Kisha akamweleza kwamba, kwa kuwa sasa ana ufadhili wa nje, mahitaji yake yamepungua, na chuo kinaondoa fungu lake. Kiasi kilekile. Cha kanisa kimeingia, cha chuo kimetoka. Gari bado bovu.

Verlene akamuuliza, "Kwa hiyo watu wangu wamekichangia chuo?"

"Sheria sikuitunga mimi, mama."

"Najua. Na maharage hukuyapika wewe."

Akatoka. Hakumwambia mtu kanisani. Watu wakaanza kushangaa kwa nini gari bado linakohoa na wao walishatoa. Mmoja alimsimamisha mlangoni, akamuuliza kama zile pesa amezivaa. Verlene alicheka naye. Delbert alimsihi aseme ukweli.

"Akaniambia, Delbert, watu wamesimama jikoni siku nzima kwa ajili yangu. Nitawaambiaje kwamba walipika bure?"

Gari likafa kabisa. Akaacha masomo mawili, kwa kuwa hakuwa na namna ya kufika. Masomo yakipungua, wasikilizaji, na msaada wa serikali unapungua. Hilo nalo ni sheria. Basi akarudi kwenye zamu za kuogesha wagonjwa, akisema atamalizia mwakani. Mwaka uliofuata akasema hivyohivyo.

Sitasema sheria ilimuua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, daktari amesema hivyo. Lakini alikufa akiwa amebakiza muhula mmoja awe muuguzi. Muhula mmoja. Na watu waliompenda walikuwa wameshatoa pesa za kumfikisha huko.

Delbert, pole sana, ndugu yangu. Waumini wote mliopika, poleni. Hamkukosea kumpenda. Na wewe uliyemsimamisha mlangoni, sikutaji. Nenda kamwone Delbert.

Wasikilizaji wapendwa, hata asubuhi hii yupo mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ile, anasubiri kuitwa. Amekwenda peke yake, kama Verlene. Akiambiwa hastahili, atasema asante na kuondoka. Kama unamjua, mpeleke wewe. Ingia naye ndani. Ukae pale dirishani, uulize kwa nini, na usiondoke mpaka ujibiwe.