Binti Anayetazama Dirisha

Kinyozi, hata akiwa safarini, husoma vichwa. Mbele yake ndani ya treni aliketi binti mdogo, nywele zimeganda kwa jeli kavu, macho kayakodoa dirishani bila kupepesa.

"Ni jeli ya kliniki," mama yake alikuwa akimweleza bibi waliyekutana naye humo humo. "Wanambandika nyaya kichwani, anatazama katuni. Akili ikitulia, katuni inakwenda; ikizurura, inasimama. Bila hivyo shule itamfukuza."

"Mtoto si redio, mwanangu, hata umtafutie stesheni! Hebu mwone. Hata maji ya mtungini hutikisika."

"Lakini sasa anasoma, bibi." Mama akashusha sauti. "Ila nyumbani, akitazama feni, inazunguka. Akigeuza macho, inasimama. Fundi umeme kaipekua, haoni kasoro."

"Na bado unampeleka!"

"Nikiacha, si atarudi palepale?"

Kinyozi alicheka kimoyomoyo. Feni ya dukani kwake nayo ina kiburi hicho hicho, na hakuna anayeitazama. Basi, kama anavyowafanyia wateja wadogo, akapiga vidole: "Mrembo, hebu nitazame mimi!"

Binti akageuka. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya daraja, stesheni haionekani mbele wala nyuma.

"Baba, ungemwacha na dirisha lake," mama alimnong'oneza kinyozi.

Binti alikuwa amemkazia macho kinyozi, kifuani, upande wa kushoto. Kinyozi akausikia moyo wake ukidunda, akaomba kimya kimya asitokee mtu wa kumwita yule mtoto.