Kisu Kilichoandikwa kwa Jina la Veturia

Tarehe 30 Juni, Veturia Hodoș atarudisha kadi yake ya kuingilia gerezani, baada ya miaka thelathini na mmoja katika huduma yetu ya kanisa kwa wafungwa. Alianza akiwa muuza vitambaa. Theolojia hakuisoma hata siku moja, na wachungaji watatu waliopita hapa wanajua alivyokuwa akiwasahihisha mbele za watu.

Kila Alhamisi alipanda mlimani liliko gereza na gari lake la Dacia lisilofunga dirisha la nyuma, limejaa supu, soksi na Biblia. Wafungwa, hata wenye mvi, humwita tanti, kama mtu anavyomwita shangazi yake, naye huwafokea wasiponyoa ndevu. Orodha ya mafanikio yake imebandikwa ukumbini. Mimi nitaeleza jambo moja ambalo halimo.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilitoka mji wa Timișoara kuja kuwasalimu Veturia na mumewe Gavril, marafiki zangu wa siku nyingi, kwa siku tatu za Pasaka. Wakanichukua twende gerezani. Kanuni ya Veturia ni kwamba mkate mtamu wa Pasaka hukatwa nyumbani, kila kipande na karatasi yake. Asubuhi ile niliona mkate mmoja mzima mezani, nikadhani umesahaulika. Nikautia kikapuni pamoja na mayai, na chini yake nikatia kisu cha jikoni. Askari wa langoni alikuwa na haraka ya sikukuu. Alihesabu mayai mekundu ya Pasaka, akatupitisha.

Ibada ilipokwisha nikatafuta kisu niukate ule mkate. Hakikuwapo.

Nilimnong'oneza Veturia. Wanaume thelathini na wanane walikuwa wamekipita kikapu kile pale mlangoni. Mmoja wao, Sabin, aliyefundishwa kusoma na Veturia kwa miaka minne, alikuwa aachiwe Jumanne kabla ya muda wake. Mama yake alikwisha kupaka rangi chumba chake. Kisu kingepatikana kwa msako, hakuna ambaye angeachiwa.

Veturia alimwendea mkuu wa zamu, Bwana Moga.

“Kuna kisu humu ndani.”

“Cha nani?”

“Changu.”

“Tanti, unajua ulichofanya? Nikibonyeza kengele hii, humu hatoki mtu, si Jumanne wala mwakani!”

“Najua. Nipe nusu saa.”

“Na mtu akichomwa?”

“Nitachomwa mimi kwanza. Nitakuwa karibu yao kuliko wewe.”

“Dakika ishirini,” Moga akasema, na kidole chake hakikuondoka kwenye kengele.

Mayai yalikuwa hayajagawiwa bado. Kwetu watu wawili wakigonganisha mayai ya Pasaka, inaaminika watakutana tena ahera, na sijaona mtu anayekataa, hata jambazi. Veturia aliketi, akaweka kikapu magotini na kukifunika kwa kitambaa kizito.

“Leo kila mtu anajichagulia lake!” akatangaza. “Mkono chini ya kitambaa, macho kwangu. Atakayechungulia, soksi hapati mpaka Krismasi!”

Wakacheka.

Wakaja mmoja mmoja. Jitu moja likalalamika, “Tanti, hili langu limeshapasuka!”

“Kama kichwa chako. Pita.”

Sabin alifika jasho likimtiririka. Mkono wake ulikaa chini ya kitambaa muda mrefu, na Veturia hakumwondolea macho.

“Kristo amefufuka, Sabin.”

“Kweli amefufuka, tanti,” akajibu.

Nikasema moyoni, ni huyu. Kisha wakapita wengine wanne ambao mikono yao ilikawia vilevile. Wa mwisho alipoondoka Veturia alifunua kitambaa. Kisu kilikuwa kimelala kati ya mayai mawili yaliyobaki. Moga aliondoa kidole kwenye kengele, akaketi kwenye benchi la wafungwa.

Sabin alitoka Jumanne. Nani alikirudisha kisu, Veturia hajauliza mpaka leo.

Lakini kitabu cha gereza kiliandikwa: kisu, Hodoș Veturia. Akapigwa marufuku kuingia mwaka mzima. Kila Alhamisi alitupeleka mpaka langoni, akabaki garini kwenye baridi, dirisha wazi, akifuma soksi. Mimi niliyekuja kwa siku tatu nikabaki kubeba kikapu chake. Nilipotaka kusema ukweli alinikatiza: “Nyamaza, Ilarie. Mmoja wetu lazima aingie.” Nikanyamaza, na nimeona aibu miaka yote hii.

Jana nimempelekea mkuu wa gereza barua yenye sahihi yangu: kisu kile nilikiingiza mimi. Huenda wakanizuia.

Tanti Veturia, ahsante. Tunakuombea afya na miaka mingi ya utulivu wewe na Gavril. Alhamisi ijayo kikapu ataingia nacho Sabin, ambaye sasa ni mmoja wetu, anayekirithi kutoka kwako. Wakinifungia lango, nitamngoja nje garini mwako. Dirisha lile usilitengeneze, na sindano zako niachie; nimeshaanza kujifunza kufuma.